Tatizo sio kikundi, tatizo ni swali mnalowapa watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu mzazi aliyeandika hapa hivi karibuni akilalamika kwamba walimu siku hizi tumegundua ujanja, tunawagawa watoto vikundi vya watu sita sita, mmoja anaandika, mmoja anafikiri, wanne wanapiga stori za Simba na Yanga, alafu wote wanapewa maksi sawa. Mimi ni mwalimu wa Hesabu shule moja ya kata huku juu ya Moshi, na kabla sijabishana nae niseme tu kwamba hayo aliyoandika yapo, kila aliyewahi kushika chaki anayajua. Ila alivyomalizia kwamba dawa ni kurudi enzi zile, kila mtoto na daftari lake, mwalimu anaandika fomula ubaoni na darasa linaitikia, hapo ndo nimeshindwa kunyamaza. Mzazi mwenzangu, huo mtindo wa kuitikia haujaenda popote, upo mpaka leo asubuhi, na kila mwaka Baraza la Mitihani likitoa matokeo ya kidato cha nne wote tunajua ni somo gani linashika mkia.

Mimi ninavyoona kikundi kinakufa kwa sababu swali lililopelekwa pale lilikuwa la mtu mmoja tangu mwanzo. Chukua watoto sita uwaambie watafute jumla ya pembe za ndani za poligoni yenye pande nane, yani umewapa kazi ya nusu dakika, yule anaejua fomula anachukua nane anatoa mbili anazidisha kwa 180 anapata 1080, imeisha hiyo, sasa hao watano waliobaki wafanye nini kama sio stori? Hata mimi ningepiga stori. Ili watu wanne wahangaike pamoja inabidi swali lenyewe liwe limegawanyika, huyu aone kitu ambacho yule hakioni, na wafike mahali majibu yao yagongane. Na katika Hesabu zote za sekondari sijaona sehemu inayokubali mambo hayo kirahisi kama poligoni, haya maumbo ya kawaida yaliyofungwa kwa mistari iliyonyooka, pembetatu, pembenne, pembetano na kuendelea, almradi mpaka wake haujikati wenyewe. Hayahitaji maabara wala projekta, kamba ya katani na chaki vinatosha.

Nitoe mfano maana bila mfano nitaonekana nahubiri. Huku kwetu kihamba, yani shamba la nyumbani la ukoo lenye migomba, hakina umbo la kwenye kitabu. Wazee walipanda masale, ile mimea ya mpakani, kufuata mfongo, yani mfereji wa maji, kufuata jiwe, kufuata makubaliano ya kaka na mdogo wake ambayo sasa hivi hakuna anaeyakumbuka, kwahiyo ukikizunguka kihamba unakuta kona nyingine zimetokeza nje vizuri na nyingine zimeingia ndani kama mtu aliyebonyezwa tumbo. Kuna mzee jirani na shule tulimuomba ruhusa, vijana wakamsalimu, shikamoo babu, marahaba, alafu akauliza swali la maana kuliko yote, "mnapima, mmetumwa na nani?" Alipohakikishiwa kwamba hakuna anaeuza wala kununua na hakuna mwanae aliyetutuma, akakubali, akakaa kwenye kigoda kutuangalia.

Kihamba kile kina kona tisa. Kazi ilikuwa sentensi moja: eneo la kihamba hiki ni kiasi gani, mnayo kamba yenye alama za mita, hamna kifaa cha kupima pembe. Kila kikundi watu wanne, wawili wa kushika ncha za kamba, mmoja wa kusoma, mmoja wa kuchora na kuandika. Na walikuwa wameshajifunza ile kanuni ya Heron, yule wa Aleksandria kule Misri karne ya kwanza, kwamba ukijua pande tatu za pembetatu unapata eneo lake bila kujua kimo wala pembe: jumlisha pande zote gawa kwa mbili, hiyo ndo nusu mzingo, alafu zidisha nusu mzingo kwa tofauti yake na kila upande, tafuta kipeuo cha pili. Kwahiyo mpango uko wazi, kata kihamba vipande vya pembetatu, pima, jumlisha.

Kikundi cha kwanza kikafanya kama kitabu kinavyofanya, wakasimama kwenye kona moja wakavuta kamba kwenda kona zote nyingine, wakapata pembetatu saba. Kikundi cha pili nao pembetatu saba lakini walianzia kona nyingine na walikuwa wanahamahama. Tumerudi darasani, majibu hayafanani, na sio kupishana kidogo kwa kusema kamba ililegea, wa kwanza walikuwa na eneo kubwa zaidi kwa kiasi kinachoonekana kabisa. Hapo kukawaka. Mwandishi wa kikundi cha kwanza mahesabu yake safi, karudia, hakuna kosa. Waliokuja kulifungua lile fumbo ni wale washika kamba, mmoja akasema jamani sisi kwenda ile kona ya karibu na mfongo tulipita ndani ya migomba ya jirani, mimi nilikanyaga hadi mahali wamefukia mbolea. Mwenye kalamu hakujua hilo, kwenye karatasi yake ulikuwa mstari kama mistari mingine. Kumbe walikuwa wamemjumlishia babu shamba la watu.

Sasa nimuulize mzazi aliyeandika, hilo jambo mtoto mmoja na daftari lake angelionaje? Aliyeandika namba hakupita kwenye migomba na aliyepita kwenye migomba hakuandika namba, ikabidi waongee.

Na haikuishia hapo maana swali linalofuata linajileta lenyewe. Kama kuna mistari ya kona kwa kona, ile tunayoita mishazari, ambayo inatoka nje ya shamba, je kuna shamba lililopinda vibaya kiasi kwamba mishazari yake yote inatoka nje, yani haligawanyiki kabisa kuwa pembetatu kwa kutumia kona zake? Wakapewa wiki nzima wachore makatuni ya mashamba ya ajabu ajabu, wengine walileta maumbo utadhani nyoka aliyemeza ngazi. Hakuna aliyefanikiwa, na hawezi kufanikiwa, na sababu yake inaelezeka kwa kamba. Simama kwenye kona iliyotokeza nje, kila poligoni lazima iwe nayo. Angalia kona mbili za jirani zako, ya kushoto na ya kulia, vuta kamba kati ya hizo mbili. Kamba ikipita ndani ya shamba bila kugusa mpaka, umeshapata mshazari. Ikizuiwa, maana yake kuna kona nyingine zimeingia ndani ya hiyo pembetatu uliyosimama kichwani mwake, basi chagua ile iliyo mbali kuliko zote na ile kamba, alafu vuta kamba mpya kutoka ulipo mpaka kwenye hiyo kona. Hakuna kitakachoizuia, kwa sababu kingekuwepo cha kuizuia kungekuwa na kona nyingine iliyo mbali zaidi na ulishachagua ya mbali kuliko zote. Shamba limekatwa mawili, kila kipande kina kona chache kuliko mwanzo, rudia mpaka zibaki pembetatu tupu. Na ukate utakavyokata, kona tisa zinatoa pembetatu saba, hazizidi hazipungui, ndo maana jumla ya pembe za ndani za kile kihamba cha babu ni 7 mara 180, yani 1260, pamoja na ile kona iliyobonyea. Ile fomula ya kuimba imetoka humo. Mtoto aliyepita njia hii hata akiisahau kwenye chumba cha mtihani anaitengeneza upya pembeni mwa karatasi.

Nije kwenye jambo linalowahusu hata wasomaji ambao hawana mtoto shuleni, maana huku Moshi na Arusha sote tunanunua viwanja. Kiwanja cha pande nne dalali anakipimaje? Anatembea hatua, au akiwa mstaarabu anakuja na futi kamba, anachukua pande mbili zinazotazamana anatafuta wastani, anachukua zile nyingine mbili anatafuta wastani, anazidisha, anakuambia skwea mita ngapi. Njia hii ni ya zamani sana, kwenye hekalu la Edfu kule Misri, ambalo lilijengwa kati ya mwaka 237 na 57 kabla ya Kristo, kuna maandishi ukutani yanayoorodhesha mashamba na maeneo yake yamepigwa kwa njia hiyo hiyo, na shamba likiwa la pembetatu walikuwa wanahesabu upande wa nne kuwa hamna kitu alafu wanaendelea. Kwahiyo dalali wako ana ukoo mrefu.

Shida ni kwamba njia hii ikikosea inakosea upande mmoja tu, inaongeza, haipunguzi hata siku moja. Inakuwa sahihi pale tu kiwanja kikiwa mstatili kamili wa nyuzi 90 kila kona. Nikawapa vijana kiwanja hiki: pande zake kwa mpangilio ni mita 26, 28, 18 na 24. Njia ya dalali, wastani wa 26 na 18 ni 22, wastani wa 28 na 24 ni 26, ukizidisha ni 572. Sasa pima na mshazari, ule unaotenganisha pande za 26 na 28 upande mmoja, 18 na 24 upande wa pili, tuseme umekuja mita 30. Pembetatu ya 26, 28, 30 kwa Heron ina eneo la 336, ya 18, 24, 30 ina 216, jumla 552. Zimepotea skwea mita 20, chumba cha mita nne kwa tano, umelipia na hakipo.

Hapo kikundi kimoja kikasema sawa, 20 sio nyingi, tunamvumilia. Nikawapa vipande vya boksi vilivyokatwa sentimita 26, 28, 18 na 24, wakavibana kwenye kona kwa pini, nikawaambia sukumeni. Lile umbo linacheza, linafunguka na kujikunja huku pande zake zote nne ziko vilevile, na dalali angekuja na futi yake angepata 572 kila mara. Wakasukuma mpaka mshazari ukafika 40, wakapiga Heron tena, wakapata kama 489. Yani zimekimbia 83! Pande zilezile, mzingo uleule, dalali yuleyule. Wakati mzungumzaji wa kikundi anaelezea hili mbele ya wenzake kuna kijana wa nyuma akadakia "kwahiyo ticha pande nne peke yake hazisemi kitu", na hiyo ndo sentensi niliyokuwa naisubiri na sikuisema mimi. Pembetatu ukijua pande zake tatu umemaliza, haiwezi kucheza. Pembenne unahitaji kipimo cha tano. Mafundi wanalijua hili siku nyingi, angalia geti lolote la mbao lililotengenezwa na fundi mzuri, lina ubao umelala kona kwa kona, ukiutoa geti linaanza kulala upande ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kwanini njia ya dalali inaongeza eneo kila mara na sio kupunguza, hilo niliwaachia wenye moyo. Dokezo ni kwamba pembetatu yenye pande mbili unazozijua inakuwa kubwa kuliko zote pale hizo pande mbili zikikutana kwa nyuzi 90, ikiinama upande wowote inapungua. Kata kiwanja kwa mshazari mmoja, kata tena kwa ule mwingine, linganisha, utaona.

Kuna zoezi jingine ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko yote, na linafaa hata watoto wa msingi. Unachora kwa chaki sakafuni jengo la ajabu lenye kona 12, kuta zimepinda pinda, ndani hakuna nguzo wala ukuta wa kati. Unataka kufunga taa kwenye kona, kila taa inamulika pande zote mpaka inapozuiwa na ukuta. Taa ngapi zinatosha kumulika jengo zima, sio hili tu nililochora mimi, jengo lolote la kona 12 utakalochora wewe? Swali la aina hii liliulizwa mwaka 1973 na Victor Klee, mwanahisabati wa Marekani, yeye aliuliza kwa walinzi ndani ya jumba la sanaa. Mwanahisabati mwingine, Václav Chvátal, akathibitisha jibu lake mwaka 1975, na 1978 Steve Fisk akaleta uthibitisho mfupi ambao ndo tunaoutumia hapa na hauhitaji kitu zaidi ya makande.

Namaanisha makande kweli. Kila kikundi kinapewa kiganja cha maharage, kiganja cha mahindi na kiganja cha njugu. Kwanza wanaligawa jengo kuwa pembetatu kwa mishazari ya ndani, kona 12 zinatoa pembetatu kumi. Kisha kwenye kila kona inawekwa punje moja, sharti ni kwamba kila pembetatu iwe na harage moja, hindi moja na njugu moja kwenye kona zake tatu. Ukishaweka pembetatu ya kwanza, ya jirani inashare nayo kona mbili, kwahiyo ya tatu haina ujanja, imeshajulikana, na ya jirani yake hivohivo mpaka mwisho, na haitokei hata siku moja ukazunguka ukarudi kujigonga kwa sababu pembetatu hizo zimeungana kama matawi ya mti bila kuzunguka. Ukimaliza hesabu punje. Kona ni 12, aina ni tatu, kwahiyo kuna aina ambayo haizidi punje nne. Toa hizo punje weka taa. Kila pembetatu ilikuwa na punje moja ya aina hiyo, kwahiyo kila pembetatu ina taa kwenye kona yake, na jengo zima linawaka. Nne zinatosha, siku zote. Kwa kona 15 ni tano, kwa kona 20 ni sita, unagawa kwa tatu unaachana na baki.

Alafu mkorofi mmoja lazima aulize kama labda tatu zingetosha, na hapo unawaambia haya chora jengo ambalo tatu hazitoshi. Watahangaika mpaka mtu achore kitana, jengo lenye meno manne marefu, kila jino taa yake maana aliye kwenye jino hili haoni ncha ya jino lile. Mwaka juzi nilikuwa na darasa limejaa kupita kiasi, wanakaa wanne dawati la watu watatu, na zoezi hili lilienda, sakafu nzima ya darasa na veranda ikajaa chaki na njugu. Njugu nyingine zililiwa kabla ya uthibitisho kukamilika, hilo nalikubali.

Kuhusu maksi, ambalo ndo lililomuuma zaidi mzazi yule, namuunga mkono kwamba sio haki maksi za kundi zitoke kwa kazi ya mmoja. Mimi hufanya hivi, kikundi kikisema kimemaliza simuiti kiranja wao, nanyoosha kidole kwa yeyote na mara nyingi namchagua yule ninaemuona anaangalia dirishani, aje aeleze kwanini pembetatu ni saba na sio nane. Akishindwa wanarudi wote kukaa, hamna maksi, hamna kosa, warudi tu. Mara ya kwanza wanakasirika, mara ya pili unawakuta wale wajanja wanamfundisha mwenzao kwa bidii kuliko mimi, kwa sababu maksi zao ziko mdomoni kwake. Watu wanne ndo saizi yake, wakifika sita kuna wawili wanakuwa mashabiki, na hapo naungana na mzazi moja kwa moja.

Kinachotukwamisha sio watoto wala vifaa. Zoezi la kihamba lilikula vipindi viwili vyote pamoja na kutembea, na mkaguzi akija anauliza mada imefika wapi kwenye andalio la somo, haulizi nani alipita kwenye migomba. Mwalimu aliyeko nyuma ya silabasi anaona bora aandike fomula ubaoni asonge mbele, simlaumu, mtihani unahesabu siku sio uelewa. Ninachoomba kwa wenye mamlaka ya elimu wilaya na mkoa ni kitu kidogo tu, yale mashindano ya Hesabu baina ya shule, mengine tunayafanya bado kwa mtindo wa mtoto mmoja anajibu haraka haraka kabla ya mwenzake kubonyeza kengele. Tuweke na raundi moja ya timu, wanafunzi wanne, kamba moja, swali moja ambalo jibu lake halipo kwenye kitabu, saa mbili. Hata gharama yake ni ndogo kuliko soda za wageni.

Na mzazi aliyeandika, kama bado haamini kwamba kuna maswali ambayo vichwa vinne ni bora kuliko kimoja, basi achukue hili ajaribu na wenzake watatu, hata pale wanapokaa jioni. Chora poligoni, mpaka wake usijikate, alafu weka nukta moja ndani yake, iwe hivi: mtu akisimama kwenye hiyo nukta na kuzunguka pande zote, hakuna hata ukuta mmoja anaouona wote kuanzia kona yake moja mpaka nyingine, kila ukuta una sehemu iliyofichwa na ukuta mwingine. Watu wengi wakilisikia wanasema haiwezekani. Inawezekana, na walionichorea mimi ni watoto wa kidato cha pili, wakibishana kwa sauti hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kugonga mlango.

Mwalimu wa Hesabu,
Moshi